Aliyerusha ndoo

Lami ya kwenda Newala ilikuwa inaishia Mnivata. Kilomita 50 za kwanza kutoka Mtwara mjini unakwenda kama uko barabara ya Bagamoyo, halafu dereva anapandisha vioo bila kuambiwa na safari ya vumbi inaanza. Ilikuwa Oktoba 2023. Mikorosho kulia, mikorosho kushoto, na ile harufu ya mabibo yaliyoiva na kuanza kuchacha, tamu na kali kwa pamoja, inaingia garini hata vioo vikiwa juu. Nyuma yangu alikaa dada yangu na mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, mshenga wetu, anayerudia maneno yake kimoyomoyo kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani.

Tulikuwa tunapeleka barua ya posa ya mpwa wangu. Kwa msomaji ambaye si wa kusini, niseme kidogo. Sisi Wamwera, kama walivyo Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama. Baba ana heshima yake, lakini neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Siku hizi mambo yamelegea, hasa kwa sisi tuliokulia mijini na misikitini na makanisani, ila likija suala la ndoa utaona watu wazima wanasimamisha kikao kizima kumsubiri mwanaume mmoja ambaye hata hajachangia ada ya shule. Kwa hiyo upande wetu mjomba nilikuwa mimi. Upande wao kulikuwa na mjomba mwingine, na tulipofika tukaambiwa hayupo, yuko ghalani kwenye korosho za chama cha msingi cha ushirika, anakuja.

Tulimsubiri saa mbili. Tuliletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha na chumvi yenye pilipili, nikala kwa pupa ya mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi akisahau kwamba ming'oko ipo. Baadaye nikaomba kwenda msalani, nyuma ya nyumba. Nilipokuwa narudi nikasikia sauti ya mwanaume kutoka barazani:

"Huyu anayetembea kama anahesabu mchanga, mbona kama Kobe?"

Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu Novemba 1991, siku tuliyokabidhi karatasi ya mwisho ya mtihani wa kidato cha nne. Mke wangu halijui. Watoto wangu hawalijui. Niligeuka nikamwona mtu mnene, ndevu nyeupe, miwani imening'inizwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Uso ule sikuutambua hata kidogo. Sauti ndiyo niliyoitambua, kwa sababu ni sauti iliyotuamsha saa kumi na moja alfajiri miaka minne mfululizo.

"Spika?"

"Marahaba," akasema, na mimi sikuwa nimemwamkia.

Nitayatumia majina hayohayo ya shule, yanatosha. Aliitwa Spika kwa sababu alikuwa hajui kunong'ona. Hata akikuambia siri, bweni la pili wanasikia. Mimi niliitwa Kobe kwa sababu ya maji.

Hapa inabidi nikae kidogo, maana bila maji habari yote hii haieleweki. Uwanda wa Makonde uko juu, na udongo wake ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha maji hayakai, yanazama moja kwa moja na kwenda kutokea chini kabisa, kwenye mabonde. Wazee walipanda kuishi kule juu zamani za kutekana na kuuzana, kwa sababu adui anayepanda mlima unamwona mapema. Wakapata usalama, wakakosa maji. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na pampu zikifanya kazi, mambo shwari. Zisipofanya kazi, unarudi kwenye maisha ya bibi yako: ndoo kichwani, mteremko, kisima, mpando.

Shule yetu ilikuwa juu, kwenye ukingo. Oktoba 1990 tulikuwa kidato cha tatu, na bomba lilikaa wiki kadhaa bila hata kukohoa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta maji yake na ndoo moja ya jikoni. Kushuka ilikuwa kama saa nzima, kupanda saa moja na nusu ikiwa una miguu ya kawaida. Mimi nilikuwa napanda kwa saa mbili na nusu. Nilikuwa wa mwisho kila siku, siyo mara nyingi, kila siku. Wengine walikwishakuoga, wamekula maharage yao yenye wadudu, wako darasani kwa masomo ya jioni, ndipo mimi naibuka ukingoni, mguu mmoja baada ya mwingine. Ndiyo Kobe huyo.

Kwa hiyo kikao kilipoanza, wazee wote wakiwa mkekani, Spika hakutaka kusikia habari ya barua. Mshenga wetu alikuwa amekwisha kusafisha koo na kuanza "tumeona ua katika bustani yenu". Spika akamkatiza kwa adabu. "Ua lipo, mzee wangu, halihami. Kwanza niwajue watu. Mimi na huyu mjomba mwenzangu tuna miaka 32 hatujaonana. Kobe, waambie hawa nilivyokuwa."

Nikaona hapo ndipo pa kuipamba posa. Nina hadithi moja ya shule ambayo haijawahi kuniangusha. Nimeisimulia kwenye sherehe za ofisini, kwenye foleni za hospitali, kwa mabalozi wa nyumba kumi. Binti yangu aliigeuza kuwa insha akiwa darasa la sita, akapata alama 18 kati ya 20, mwalimu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Baba yako ni shujaa." Basi nikaitoa.

Nikawaambia jioni hiyo tulivyopanda kutoka kisimani vijana watatu: mimi, Spika, na golikipa wa shule tuliyekuwa tukimwita Kipa. Giza linaanza kushika. Nyakati hizo habari za simba zilikuwa zimejaa kila kijiji, na shule ilikwisha kupiga marufuku kushuka bondeni baada ya alasiri. Tukashuka hivyohivyo, kiu haina kanuni. Tukiwa katikati ya mpando, kichakani kitu kikakoroma. Wenzangu wakaganda. Mimi nikashusha ndoo yangu ya bati kutoka kichwani, nikakimwagia kile kitu maji usoni, kisha nikamrushia simba ndoo yenyewe. Ikagonga jiwe, ikalia kama kengele ya kanisa, bonde zima likaitikia. Simba akageuka akaenda zake.

Huwa naacha kimya kidogo hapo. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akasema, "Ehee, hao ndio wanaume."

"Ngoja kwanza," Spika akasema. Akavaa miwani, kana kwamba anataka kuisoma hadithi. "Rudia hapo pa ndoo. Ndoo ya nani?"

"Yangu."

"Kobe. Wewe hukuwa na ndoo. Wewe ulikuwa na dumu."

Sijui kama nimewahi kunyamazishwa na neno dogo kama lile. Dumu. La njano, la lita 20, lililokuwa na mafuta ya kula, nililopewa na shangazi yangu wa Lindi. Nilikuwa nalibeba begani kwa sababu ndoo kichwani ilinishinda; nikitembea maji yote yanamwagika shingoni. Niliyajua hayo yote. Hakuna siku niliyasahau. Ila miaka yote hiyo sikuwahi kuliweka lile dumu na ile hadithi chumba kimoja.

"Dumu la plastiki likirushwa kwenye jiwe," Spika akawauliza wazee, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni, "linalia kama kengele ya kanisa?"

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma ya pazia walikokaa wanawake, na nilikitambua. Ni cha dada yangu.

Spika akaendelea bila huruma. Aliyerusha ndoo ni Kipa. Yeye Spika alikuwa nyuma ya Kipa, ameshika shati lake. Mimi nilikuwa chini huko, nyuma kabisa, kama kawaida yangu, na nilifika mambo yalipokwisha, nikihema, nikiuliza "vipi? vipi?" Na simba hakuwa simba. Alikuwa nguruwe pori dume, na hakugeuka akaenda zake. Alikwenda baada ya kumpitia Kipa mguuni na meno yake na kumfungua nyama ya paja la kushoto mpaka karibu na goti.

"Siyo kweli," nilisema. Lakini nilisema taratibu.

"Iodini," akajibu. "Nani aliiba iodini maabara ya kemia?"

Alikuwa yeye, kiranja wa maabara. Na hapo ndipo niliposalimu amri, ingawa wazee hawakujua kwa nini. Kwa zaidi ya miaka 30, kila ninaposikia harufu ya iodini, hospitali au popote, ninaona bweni letu usiku, tochi imefunikwa kwa shati, na mtu anauma blanketi. Sikuwahi kujiuliza picha ile imetoka wapi. Katika hadithi yangu hapakuwa na jeraha, hivyo hapakuwa na haja ya dawa. Harufu ilibaki inazurura peke yake, haina pa kukaa.

Posa ilipokelewa, nisiwaache mkining'inia. Ila mahari ilipoanza kuorodheshwa, baada ya blanketi la bibi, mkaja na mengine, Spika alimwambia mwandishi aongeze kitu cha mwisho: "Ndoo ya bati, moja. Siyo ya plastiki. Faini ya mjomba kwa kusema uongo mbele ya wazee." Imeandikwa. Karatasi ninayo.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa najaribu kukumbuka lini niliiba hadithi ile. Nadhani nimepata. Nilipokwenda kidato cha tano, shule ya mbali huko bara, wenzangu walikuwa na vituko vyao, na sisi wa kusini tulikuwa tunachekwa kwa lafudhi na kwa kula panya. Nikasimulia habari ya bondeni. Mara ya kwanza nina hakika nilisema "tulirusha". Ni haki yangu, nilikuwepo, walau jirani. Lakini "tulirusha" watu wanauliza, "nani hasa?" Na Kipa wao hawamjui, watapata faida gani? Kiambishi kimoja tu. Tulirusha ikawa nilirusha, na nguruwe, ambaye hamtishi mtu wa mjini, akaota manyoya shingoni.

Simba nao hawakuwa wa kubuni, hilo nalitetea. Kusini ile ilikuwa na simba wala watu kweli. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2005 walihesabu Watanzania zaidi ya 563 waliouawa na simba tangu 1990, na eneo lililoumia zaidi ni huku kwetu, Lindi hadi Rufiji. Walieleza na sababu moja ambayo mkulima yeyote wa huku angewaambia bure: penye nguruwe pori wengi, simba huwafuata, na watu nao hulala mashambani kwenye madungu wakilinda mazao yao dhidi ya nguruwe haohao. Nilimwambia Spika hayo asubuhi, kama mtu anayekata rufaa. Akasema, "Basi kumbe simba alikuwa njiani anakuja. Alichelewa. Kama wewe."

Asubuhi hiyo alinipeleka Shimo la Mungu. Ni pale Newala palipokatika ardhi, unasimama ukingoni unaona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo Msumbiji. Tukiwa wanafunzi tuliletwa pale na mwalimu wa jiografia, na ng'ambo ile kulikuwa bado na vita, havikwisha hadi 1992. Tulikuwa tunatazama tukitegemea kuona moshi. Hatukuona kitu, msitu tu na ukungu, kama ulivyokuwa siku hii.

Nilimuuliza maisha. Akanipa kwa ufupi, kama mtu anayesoma mihutasari ya kikao, na kweli ni katibu wa chama cha msingi. Aliishia kidato cha nne kwa kukosa ada, si kwa kukosa akili. Katika hisabati alikuwa ananipa majibu. Akarudi kwenye mikorosho ya mjomba wake, akaifyeka, akapanda mingine. Alinieleza salfa na ugonjwa wa ubwiri unga kwa robo saa nzima, na jinsi kangomba, hao wanaonunua korosho ikiwa bado ua, kwa kibaba na kwa shida za watu, wanavyomaliza vijiji. Nilipomuuliza kuhusu 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba, alisema tu, "Mwaka ule niliandika majina usiku na mchana. Mkono ulivimba." Hakutaka kuongeza, nami sikumchokonoa. Akaniuliza mimi nafanya nini. Nikasema uhasibu. Akasema, "Kumbe ndiyo maana unajua kuhamisha vitu kutoka jina moja kwenda jingine."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Na Kipa yuko wapi?"

Alinitazama muda mrefu. "Hujui?"

Sikujua. Kipa alifariki mwaka 1998, Dar es Salaam, homa ya siku nne. Spika alikwenda kumchukua. Barabara ya wakati ule mnaikumbuka, wale wa umri wangu. Daraja la Rufiji lilikuwa halijajengwa, lilifunguliwa 2003, na mto ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu kikiwa kimepona. Lakini ilikuwa masika, barabara imekatika, gari za abiria zimelala kwenye tope. Hakuweza kurudi naye. Alimzika kulekule, yeye na wauza mitumba sita wa Kariakoo.

Mwaka 1998 mimi nilikuwa ninaishi Magomeni. Kutoka kwangu hadi Kariakoo nilikuwa naenda kwa miguu, hata kwa miguu hii yangu.

Nilimwona Kipa mara moja tu baada ya shule. Mwaka 1994 hivi, Mtaa wa Msimbazi, amejitundika mikanda shingoni na mabegani kama nyoka. Nusu ya darasa letu walikuwa wamekwenda kufanya hiyo kazi. Watu wa Dar wanawaita wachuuzi wote wamachinga, na wengi hawajui kwamba Wamachinga ni watu kabisa, wa Lindi, wenye lugha yao na makaburi yao. Alinikumbatia, akaniuzia mkanda kwa bei mara mbili. Nikapinga. Akasema, "Wewe una kazi, Kobe, acha ubahili." Nikalipa. Mkanda ulikatika baada ya miezi mitatu, nami nikapanga nikimwona nimdai. Ndiyo mipango niliyokuwa nayo juu yake.

Spika alisema anakwenda Mikindani kesho yake, kwa mama yake Kipa. Huenda kila msimu wa korosho ukianza. Hakuniuliza kama nataka kwenda. Alisema tu, "Utapitia sokoni Mtwara ununue ndoo."

"Ya mahari? Si bado miezi?"

"Nunua ndoo, Kobe."

Ndoo za bati siku hizi ni kazi kuzipata. Tulizunguka soko zima la Mtwara tunaonyeshwa plastiki za rangi zote, mpaka mzee mmoja fundi bati akatuchongea kifuniko na kutuuzia ndoo aliyokuwa ameweka misumari ndani. Akaimwaga misumari chini. Kutoka hapo hadi Mikindani ni kama kilomita 10, barabara inafuata ghuba, minazi na mibuyu, kisha zile nyumba kuukuu za mawe na Boma la Wajerumani juu ya kilima. Watalii huja kupiga picha nyumba wanayosema Livingstone alipumzika mwaka 1866. Sisi tulipita nyuma yake, uchochoro wa mchanga, hadi nyumba ya udongo yenye baraza safi iliyofagiwa alama za ufagio zikaonekana.

Mama ana zaidi ya miaka 80 na macho yake yameingia ukungu. Alimtambua Spika kwa sauti, kama kila mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na nani? Anatembea taratibu huyo."

"Huyu ni Kobe, mama. Tulisoma naye, mimi na marehemu."

Akanishika mkono, akaukamata, hakuuachia. Aliniuliza wazazi, watoto, mke, wa kabila gani, wazima? Halafu akauliza, "Na wewe unamkumbuka mwanangu?"

Nikasema ndiyo. Spika akanitazama, akasema, "Msimulie mama habari ya bondeni."

Nimeisimulia ile hadithi labda mara mia mbili. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisimulia nikiwa nyuma. Nilianza na dumu langu. Nikasema nilikuwa chini kabisa, nahema, na kwamba niliyoyaona ni machache: nilisikia mkoromo, nikasikia Spika anaita mama yake (Spika akakohoa), kisha nikasikia ndoo ikigonga jiwe, na sauti ile ikaenda bondeni ikarudi. Nilipofika nilimkuta Kipa amekaa njiani ameshika mguu, anacheka. Hilo la kucheka lilinirudia palepale, nikiwa nalisema. Alikuwa anacheka, na damu inachuruzika hadi kwenye kandambili, anasema, "Nimeokoa. Nimeokoa bao." Nikamwambia mama tulivyomficha walimu wasijue tulishuka saa za marufuku, tukamtibu kwa iodini ya wizi, wiki mbili anasema ana homa.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya mkono wangu, kinakwenda na kurudi.

"Paja la kushoto," akasema.

"Ndiyo mama."

"Alikuja likizo na kovu kama samaki mkunga. Nikamuuliza. Akaniambia ameumia mpirani." Akaachia mkono wangu. "Nikamkataza mpira. Alikuwa na viatu vyake vya mpira, amevinunua kwa pesa ya kuvua pweza. Nikavitia motoni. Alikaa pale, hapo ulipokaa wewe, akavitazama vinaungua, hakusema neno."

Spika hakuwa anajua hilo. Nilimwona usoni. Miaka 25 anakuja pale na gunia la korosho na mbaazi, anadhani ameshasikia yote.

Kule nje mtoto alikuwa anapita anauza vitumbua, akapiga hodi, hakuna aliyemwitikia, akaenda zake. Spika akainuka akaichukua ile ndoo mlangoni, akaiweka miguuni pa mama. "Tumekuletea hii, mama."

Aliipapasa. Mdomo, mkono, ubavu, chini. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Nyepesi," akasema. "Ile yangu ilikuwa nzito, ina mstari wa rangi ya buluu, na chini baba yake alichora herufi kwa msumari. Alirudi bila ndoo. Akaniambia imeibwa bwenini. Nilimchapa kwa ajili ya ndoo ile." Akaigonga tena. "Basi haikuibwa."

"Haikuibwa, mama. Iko bondeni. Ilibiringika, giza lilikuwa limeingia, na kesho yake hakuna aliyetaka kurudi."

"Bado iko huko?"

"Labda iko. Kutu imeila."

"Ndoo ile hailiwi na kutu," mama akasema. Akaisukuma ile mpya pembeni kwa mguu, siyo kwa hasira, kama mtu anayesogeza kitu cha jirani. "Basi mwende mkaichukue."

Spika akageuka akanitazama mimi.